Pafu Lililojeruhiwa Halina Bora Liende

Ipo kauli inayorudiwa kila inapozungumzwa habari ya vifaa tiba vya hospitali za wilaya nchini Tanzania. Newala si Muhimbili, wanasema. Huko umeme unakatika, wataalamu ni wa kuhesabu kwa vidole, na fedha haitoshi. Kwa hiyo tuwabunie watu wa huko mashine nyepesi ya kumsaidia mgonjwa kupumua, ya bei nafuu, yenye vitufe viwili vitatu, hata kama haipimi yote yanayopimwa na mashine za mjini. Mashine yoyote ni afadhali kuliko kukosa kabisa. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Wanaosema hivyo wana nia njema. Wamo wahandisi vijana wenye mikono hodari, wamo wafadhili wanaotaka fedha yao ifike mbali, wamo madaktari waliochoka kumwangalia mgonjwa akihema mpaka nguvu zinamwishia. Nawaheshimu wote. Lakini wamekosea, na kosa lao linalipwa kwa uhai wa watu. Kwa mgonjwa ambaye mapafu yake yameshajeruhiwa, mashine isiyopima ni jeraha la pili juu ya lile la kwanza. Ninachokitetea hapa ni hiki: mashine ya kupumulia itakayopelekwa Masasi na Newala iondolewe anasa zote, isiondolewe kipimo hata kimoja.

Kauli ninayoipinga ina asili ya heshima, na ni haki kuanza na asili hiyo. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen ulivamiwa na polio. Wagonjwa waliopooza misuli ya kupumua walikuwa wakifa zaidi ya wanane katika kila kumi. Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, akaelekeza msichana wa miaka 12 atobolewe koo, bomba lipitishwe, na hewa ikamuliwe kwa mkono kutoka kwenye kifuko cha mpira. Msichana akanusurika. Wanafunzi wapatao 1,500 wakaitwa, wakapokezana zamu mchana na usiku kukamua vifuko kando ya vitanda, na vifo vikashuka hadi chini ya nusu. Hapo ndipo ilipozaliwa huduma ya kisasa ya wagonjwa mahututi. Tangu siku hizo, kila anayebuni mashine ya kubonyeza kifuko cha Ambu kwa mota na mkono wa chuma huikumbuka Copenhagen na kusema: mbona kifuko na mkono vilitosha?

Vilitosha kwa sababu wale walikuwa wagonjwa wa polio. Kilichopooza kwao ni misuli; mapafu yenyewe, kwa wengi wao, yalikuwa bado laini na yanapokea hewa vizuri. Isitoshe, aliyekamua alikuwa binadamu. Kiganja chake kilihisi pale kifuko kilipogoma kubonyea, naye akapunguza nguvu. Mota haihisi kitu mpaka iwekewe cha kuhisia. Kuichukua dawa ya misuli iliyopooza na kumpa mgonjwa wa mapafu yaliyojeruhiwa ni kutibu ugonjwa mmoja kwa sifa za mwingine.

Pumzi inayoua

Mapafu hujeruhiwa kwa njia nyingi, na zote zipo katika uwanda wa Wamakonde, iliko Newala. Nimonia kali. Malaria iliyozidi kwa mtu mzima. Mama aliyepata maambukizi ya damu baada ya kujifungua. Kijana wa bodaboda aliyebamizwa kifua. Mgonjwa aliyezimia akavuta matapishi. Katika hali hizo maji na protini za damu huvujia ndani ya vifuko vya hewa, na vifuko hivyo hugandana kama mfuko wa plastiki uliolowa. Mwaka 1967 Ashbaugh na wenzake wa Denver, Marekani, waliandika katika jarida la Lancet juu ya wagonjwa 12 wa namna hiyo, na ndipo hali hii ikaanza kutambuliwa kama ugonjwa wenye sura yake. Baadaye Luciano Gattinoni wa Italia aliyachunguza mapafu hayo kwa picha za CT akaona jambo ambalo kila mbunifu wa mashine angelipaswa kulibandika ukutani kwake: pafu lililojeruhiwa halikakamai lote. Sehemu kubwa imeziba, na ndogo iliyobaki ni nzima. Mgonjwa ni mtu mzima, lakini pafu linalopokea hewa lina ukubwa wa pafu la mtoto.

Sasa mpe mtu huyo pumzi ya mtu mzima. Hewa yote itakimbilia kwenye kile kidogo kilichosalia na kukipasua. Webb na Tierney walilionyesha hili kwa panya mwaka 1974: mapafu mazima kabisa, yakisukumiwa hewa kwa shinikizo kubwa, yalijaa maji katika muda usiozidi saa moja. Na mwaka 2000 likaja jaribio lililofunga mjadala. Wagonjwa 861 katika hospitali za Marekani waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa pumzi ya mililita 12 kwa kila kilo ya uzito unaokadiriwa kutokana na urefu, kama ilivyokuwa desturi. La pili lilipewa mililita 6, na shinikizo ndani ya pafu, hewa inapotulia mwisho wa kuvuta, likazuiwa lisizidi sentimita 30 za maji. Katika kundi la pumzi kubwa walikufa asilimia 39.8. Katika kundi la pumzi ndogo, asilimia 31. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu tofauti ilishakuwa wazi. Tofauti hiyo ya karibu watu tisa katika kila mia haikuletwa na dawa mpya. Ililetwa na namba iliyowekwa kwenye mashine, pamoja na mashine iliyoweza kuitii namba hiyo.

Tuishushe sayansi hii hadi kitandani. Chukua mfano wa mama wa Kitangari, Newala, mwenye urefu wa sentimita 150. Kanuni inayotumika duniani inaanza na urefu wake, kwa sababu mapafu hufuata urefu. Mtu akinenepa mapafu hayanenepi. Kwa urefu huo uzito wa kukadiria ni kilo 43 na kidogo, na mililita 6 kwa kilo ni pumzi ya mililita 260. Pafu lake limekakamaa kiasi kwamba kila sentimita moja ya shinikizo inaingiza mililita 20 tu. Pumzi ya mililita 260 itadai sentimita 13. Ongeza sentimita 10 zinazobakizwa mwisho wa kila pumzi ili vifuko visigandane tena, jumla ni 23. Yuko salama.

Mletee sasa ile mashine nyepesi, inayobonyeza kifuko kwa mwendo mmoja na kutoa mililita 600, kwa kuwa aliyeibuni alikuwa na mtu mzima wa wastani akilini. Mililita 600 ukigawa kwa 20 unapata 30. Ongeza zile 10, unafika 40. Kwa pumzi 20 kwa dakika, kipigo hicho kinarudiwa mara 28,800 kwa siku moja. Ukiweka vali ya kupunguzia shinikizo bila kipimo cha ujazo, umehamisha tatizo tu: pafu likizidi kukakamaa hewa itatokea pembeni, mama atapata nusu pumzi, kabonidioksaidi itajaa damuni, na mashine itaendelea kuunguruma vilevile. Fundi yeyote anaweza kulithibitisha hili mezani. Funga pafu la majaribio kwa raba bendi mbili ili liwe gumu, unganisha mashine, tazama mshale wa geji. Pafu laini lilipokuwa likisoma 15, gumu litasoma 35 au 40, na mota haitabadilisha hata mlio.

Waingereza waliyaona haya kwao wenyewe. Machi 2020, korona ilipowakaba, serikali yao iliviomba viwanda vya kila aina vibuni mashine rahisi za haraka. Mojawapo, iliyoundwa na timu za magari ya mbio za Formula One, ilikuwa tayari imeagizwa kwa maelfu. Mwezi uliofuata oda ikafutwa, kwa kuwa madaktari walishaona kwamba mapafu ya wagonjwa wa korona yanahitaji mashine yenye uwezo zaidi. Kama mashine isiyotosha ilikataliwa London, katikati ya msiba na wagonjwa wakiwa mlangoni, ni hoja gani inayoifanya itoshe Newala?

“Lakini kukosa ndiyo kifo”

Hapo ndipo mpinzani wangu hunishika mkono. Ananiambia: hao wa London walikuwa na chaguo, mama yako wa Kitangari hana. Bila mashine atakufa. Kwa nini umnyime nafasi hata kama ni ndogo?

Jibu liko jirani yetu, Malawi. Katika hospitali kuu ya Blantyre, kifaa rahisi cha kusukuma hewa kwa kutoa mapovu, kilichobuniwa kwa ajili ya watoto wachanga, kilionyesha mwaka 2014 matokeo ya kufurahisha: kati ya wachanga waliokuwa wakihema kwa shida, asilimia 71 ya waliotumia kifaa walipona, na kwa oksijeni peke yake asilimia 44. Wengi wakasema jawabu limepatikana, lipelekwe kila wilaya. Kisha likafanyika jaribio katika hospitali ya wilaya ya Salima, kando ya ziwa, kwa watoto 644 wa chini ya miaka mitano wenye nimonia kali, na majibu yakachapishwa mwaka 2019. Waliowekewa mapovu walikufa asilimia 17. Waliopewa oksijeni ya kawaida walikufa asilimia 11. Jaribio likasimamishwa mapema.

Watoto wa Salima hawakuwa sawa na wa Blantyre. Walichaguliwa kwa kuwa na hatari zaidi, wakiwamo wenye utapiamlo na VVU, na jambo hilo lina uzito wake. Lakini fundisho halikwepeki. Watoto hawa waliwekewa msaada zaidi, na wakafa zaidi. Oksijeni ya kawaida ndiyo iliyokuwa bora. Yaani lile tunaloliita “kukosa mashine” halikuwa shari kamili, na tunaloliita nusu shari ndilo lililozika watoto wengi zaidi. Methali imenukuliwa mahali pasipo pake. Iliyofaa ni ile ya wapishi: rahisi huvunja upishi.

“Huko wagonjwa wa aina hiyo hawapo”

Kundi la pili la wapinzani husema ugonjwa huu ni wa hospitali kubwa. Wilayani watu wanakufa kwa malaria na nimonia, basi. Hawa wanasahau namna ugonjwa unavyoingia kwenye vitabu. Mwaka 1952 na 1953 vijiji vya uwanda wa Wamakonde, Newala ikiwemo, vilikumbwa na homa yenye maumivu makali ya viungo. Marion Robinson na Lumsden waliiandika mwaka 1955, na dunia nzima leo inaiita chikungunya. Wagonjwa walikuwepo kabla ya karatasi. Kilichowaingiza kwenye tiba ya dunia ni mtu aliyekwenda kwao na kuwachunguza.

Jambo kama hilo lilitokea Rwanda kuhusu mapafu. Tafsiri rasmi ya ugonjwa huu wa mapafu yaliyojeruhiwa, iliyokubaliwa mwaka 2012, ilidai mgonjwa awe ameunganishwa na mashine na amepimwa damu ya ateri. Pasipokuwa na mashine, kwa mujibu wa tafsiri hiyo, hapana mgonjwa. Riviello na wenzake walikwenda hospitali ya chuo kikuu ya Kigali, wakatumia kipimo cha oksijeni cha kidoleni na picha ya ultrasaundi badala ya hayo, na mwaka 2016 wakatangaza walichokiona: kati ya watu 1,046 waliolazwa, 42 walikuwa na mapafu yaliyojeruhiwa kwa kiwango hicho. Nusu yao walikufa. Kwa tafsiri ya zamani hata mmoja asingehesabiwa. Tangu hapo tafsiri ya dunia imepanuliwa ili wagonjwa wasio na mashine nao wahesabiwe. Anayesema Masasi haina wagonjwa hao amesoma daftari lililochorwa bila safu yao.

Na wale wanaosema mgonjwa apewe rufaa, nawaomba wapige hesabu ya mtungi. Kutoka Masasi hadi Mtwara, iliko Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, ni takriban kilomita 200. Mtungi wa lita 10 uliojazwa kwa bar 150 unabeba lita 1,500 za oksijeni. Mgonjwa huyu akitumia lita 10 kwa dakika, mtungi umekwisha baada ya saa mbili na nusu. Mvua ikiharibu njia, gari likipasua tairi, akiba hiyo ya muda haipo. Rufaa ni jambo jema kwa anayeweza kufika. Wa mapafu yaliyojeruhiwa anatakiwa kwanza kutulizwa pale alipo, kwa mashine inayoweza kusafiri naye.

Waliosema oksijeni kwanza

Wapinzani ninaowaheshimu kuliko wote ni wale wanaosema: acheni habari za mashine, leteni oksijeni. Wataalamu wa hapa nyumbani, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Afya Muhimbili na Taasisi ya Afya Ifakara, wamekuwa mstari wa mbele kutetea huduma za msingi kwa wagonjwa mahututi: kupima oksijeni ya damu, kumlaza mgonjwa vizuri, kumpa oksijeni kwa wakati, kumtazama mara kwa mara. Wana haki kabisa. Aliyenunua mashine ya kupumulia kabla ya kuwa na oksijeni ya uhakika na kipimo cha kidoleni katika kila wodi ameanza kuezeka kabla ya kujenga kuta. Utafiti wa Afrika uliochapishwa mwaka 2021, wa wagonjwa 3,140 mahututi wa korona katika hospitali 64 za nchi kumi, ulikuta asilimia 48.2 walikufa, ilhali wastani wa dunia ulikuwa asilimia 31.5. Hata kumlaza mgonjwa kifudifudi, jambo lisilohitaji ununuzi wa chochote, kulifanywa kwa takriban mmoja kati ya sita. Wakati huo tulikuwa na ushahidi wa Ufaransa wa mwaka 2013 kwamba kifudifudi kwa saa nyingi kila siku, kwa wagonjwa wa mashine walio katika hali mbaya, kulipunguza vifo vya siku 28 kutoka asilimia 32.8 hadi 16.

Nakubali basi: oksijeni kwanza, muuguzi kwanza, kifudifudi kwanza. Lakini hoja ya utaratibu isigeuzwe hoja ya ubora. Kwamba mashine inakuja baadaye haina maana kwamba ikija ije ikiwa kipofu. Na tusisahau kuwa tangu fedha za UVIKO-19 za Oktoba 2021, zile shilingi trilioni 1.3, nchi hii imejenga majengo ya dharura, vyumba vya wagonjwa mahututi na mitambo ya oksijeni mikoani na wilayani. Mashine zinakuja, tupende tusipende. Swali lililobaki ni za namna gani.

Anasa ipi, kipimo kipi

Wanaotetea mashine butu hudai kwamba kipimo ni ghali. Hawajafungua mashine wakatazama ndani. Kitambuzi cha shinikizo ni kipande kidogo kuliko ukucha, na bei yake ni tone ndani ya bei ya mashine nzima. Kinachoifanya mashine ya kifahari iwe ghali ni mambo mengine: kudai hewa ya shinikizo kubwa kutoka ukutani, mipira na vichujio vinavyouzwa na kampuni moja tu duniani, programu iliyofungwa kwa neno la siri la mtengenezaji, na mkataba wa matengenezo unaodai fundi apande ndege. Mwaka 2011 Perry na Malkin walikusanya taarifa za vifaa tiba zaidi ya 112,000 kutoka nchi 16 zenye kipato kidogo, wakakuta asilimia 38.3 havifanyi kazi. Kila fundi wa vifaa tiba anaijua stoo yenye vitu hivyo, vimefunikwa shuka, vinasubiri kifaa kimoja cha plastiki. Anasa hiyo ndiyo ya kukata.

Tukikata hapo, mashine ya uwanda inaanza kuonekana. Ivute hewa ya chumbani yenyewe kwa feni ndogo ya kasi, na ipokee oksijeni ya shinikizo dogo kutoka konsentreta, ile inayochuja oksijeni hewani. Mashine inayoendeshwa kwa nguvu ya gesi ya mtungi inaweza kula lita 10 na zaidi kila dakika. Mtungi mkubwa wa lita 7,000 hauoni saa 12, na mgonjwa wa aina hii huhitaji siku nyingi.

Umeme ukikatika ndipo ubunifu unapojulikana. Feni inatumia umeme kidogo, betri ya ndani inaweza kuibeba kwa saa kadhaa. Konsentreta ya lita 10 inakula wati mia kadhaa, hiyo betri haiiwezi. Kwa hiyo umeme ukienda saa nane usiku, mashine itaendelea kupuliza kama kawaida, lakini oksijeni imeshashuka kimyakimya hadi asilimia 21 ya hewa ya chumbani. Mgonjwa anazama huku taa ya mashine ni ya kijani. Mashine yetu lazima ipime oksijeni inayomfikia mgonjwa, ipige kelele mara inaposhuka, na ihamie yenyewe kwenye mtungi wa akiba. Kitambuzi chenyewe kisiwe cha ile aina ya kemikali inayoisha nguvu baada ya mwaka mmoja au miwili, kisha mbadala wake unasubiriwa kutoka ng'ambo.

Uwanda hauna mito, na mradi wa maji wa Makonde unayapandisha kwa pampu kutoka bondeni. Mashine inayotegemea maji yaliyochujwa lita kwa lita ili kulainisha hewa haitadumu. Kichujio kinachohifadhi unyevu wa pumzi ya mgonjwa mwenyewe kinafaa zaidi, lakini nacho kina bei yake: kinaongeza nafasi ambamo hewa iliyotumika hurudi kupumuliwa. Kwa pumzi ya mililita 260, mililita 50 za nafasi kama hiyo si jambo dogo. Mbunifu anayelijua hilo atachagua kichujio kidogo na kuiwezesha mashine kuongeza idadi ya pumzi. Asiyepima hatajua hata kwamba kuna tatizo.

Kuna vumbi jekundu la barabara, na kuna salfa. Msimu wa kupulizia mikorosho dhidi ya ubwiri unga, unga wa njano unasafiri na upepo, na salfa ikikutana na nyaya za shaba inazila. Tundu la kuvutia hewa liwe na chujio linalotolewa kwa mkono, bila bisibisi, la ukubwa unaopatikana madukani Mtwara.

Kisha iulize urefu. Mashine ikiwashwa, swali la kwanza kwenye kioo, kwa Kiswahili, liwe: mgonjwa ni mwanamke au mwanamume, na ana sentimita ngapi? Ianze yenyewe na mililita 6 kwa kilo, na anayetaka kuzidisha athibitishe kwa makusudi. Hili si kwa sababu wauguzi wetu ni dhaifu. Utafiti wa mwaka 2016 katika vyumba vya wagonjwa mahututi 459 vya nchi 50, vingi vya nchi tajiri, ulikuta madaktari waliutambua ugonjwa huu kwa asilimia 60 tu ya waliokuwa nao, na zaidi ya theluthi moja ya wagonjwa walikuwa wakipewa pumzi kubwa kuliko mililita 8 kwa kilo. Mwanadamu husahau popote alipo; mashine nzuri humkumbusha. Na kama mashine itajiongoza kwa kipimo cha kidoleni, kijaribiwe kwenye ngozi zetu, kwa maana mwaka 2020 ilionekana Marekani kwamba vipimo hivyo vilishindwa kuona upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe.

Umaskini wa paa na umaskini wa visu

Mwaka 1935 daktari wa upasuaji kutoka Uingereza, Leader Stirling, alifika Lulindi, Masasi, akaanza kazi katika majengo duni ya misheni. Aliishi nchini maisha yake yote yaliyobaki, akawa raia, akawa Waziri wa Afya katika serikali ya Mwalimu Nyerere. Kizazi kile cha madaktari kiliezeka nyasi na kufanya kazi kwa taa ya mafuta. Hakuna aliyesema kwamba kwa kuwa paa ni la nyasi, basi visu navyo visichemshwe. Walijua mahali umaskini unaporuhusiwa kuingia na mahali usiporuhusiwa. Leo tunatakiwa kuujua mpaka huo huo.

Vijana wa Chuo Kikuu cha Kenyatta waliounda mashine mwaka 2020, na wenzao wa Makerere waliounda Bulamu pamoja na Kiira Motors, walithibitisha kwamba mikono ya Afrika Mashariki inaweza. Sifa yao haina ubishi. Kazi iliyobaki kwa kila mbunifu wa kwetu ndiyo ndefu: kuijaribu mashine kwenye pafu gumu kabla ya kuipeleka mbele ya kamera, kuipitisha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba bila kuomba huruma, na kuhakikisha vipuri vyake vitakuwepo mwaka wa tano.

Kwa hiyo zabuni ijayo ya mashine za hospitali za wilaya iandikwe hivi, bila kupunguza: ipime ujazo, shinikizo na oksijeni, ibakize shinikizo mwisho wa pumzi, ianze na urefu wa mgonjwa, ifanye kazi na konsentreta, iwe na betri na alamu zinazosema Kiswahili, fundi wa mkoa aweze kuifungua, na bei iwe pamoja na mafunzo ya wauguzi wa zamu zote. Atakayeweza hayo, awe wa Dar es Salaam, Kampala au Shenzhen, aje Newala tumpokee. Asiyeweza asituletee nusu mashine kwa jina la huruma. Atuletee oksijeni, vipimo vya kidoleni na mshahara wa muuguzi mmoja zaidi wa zamu ya usiku. Hivyo vitaokoa watu wengi kuliko mashine yake, nasi tutamshukuru kwa dhati.